Tandiko la Ndege ya Samaki

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa kabati langu la vyombo, nikatia sahihi karatasi tatu, na kijana wa ofisini akaniuliza kama nimebaki na kitu chochote cha kampuni nyumbani. Nikamjibu sina. Nilimdanganya. Ninacho kipande cha turubai kisichozidi ukubwa wa kitambaa cha mkono, kina mishono minne myekundu, na hicho sikirudishi ng'o. Nyinyi mnaobaki karakana mmeniuliza miaka mingi vipi mshona magodoro aliishia kuwa fundi wa bati za ndege. Jibu liko kwenye kipande hicho, na sasa nina wakati wa kulieleza. Vyeo mnavijua, sitavitaja, na mshahara niliokuwa nikipata siku zile mkiusikia mtanicheka.

Kwetu ni Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mamangu na ami yangu, Twahir, ndugu wa baba, aliyekuwa akishona magodoro ya sufi kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu. Sufi, kwa nyinyi mnaolalia sponji, ni pamba nyepesi itokayo mtini, na ina tabia mbaya ya kutembea. Ukiijaza kwenye godoro bila kuizuia, baada ya mwezi mwenye godoro analalia kitambaa kitupu na sufi yote imekwenda miguuni. Ndiyo maana fundi hulitoboa godoro kutoka juu hadi chini kwa shazia, ile sindano ndefu nene, akapitisha uzi wa katani uliopakwa nta, akafunga kifundo, na kingine, na kingine, kila shibiri mbili. Nilifunga vifundo hivyo tangu nilipopata nguvu ya kusukuma shazia, hata mikono ikawa inavifunga yenyewe huku mimi nikiwaza mpira.

Nyumba yetu ilikuwa na desturi moja. Kila mshonaji alikuwa na alama yake, aliyoitia kwenye pembe ya godoro kwa uzi mwekundu. Ya Ami ilikuwa mishono mitatu, yangu minne. Godoro likiharibika, mwenyewe hulirudisha mchana kweupe juu ya mkokoteni wa hamali, likapita mtaa mzima watu wakiliangalia, na mwenye alama hulifungua kwa mkono wake mbele ya mwenye mali na kuonyesha alipokosea. Hakuna aliyeruhusiwa kumfungulia. Mimi lilinirudia mara moja tu, na sikutoka nje siku mbili.

Fundi mkuu wa kampuni, Singasinga aitwaye Gurdial, alikuwa mteja wa Ami. Mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru alikuja Kibokoni kutafuta mtu wa kushona vifuniko vya viti vya ndege, na Ami akanisukuma mbele.

"Huyu mkono wake mzuri," Ami alimwambia. "Kitwa chake ndicho kikubwa kidogo. Hicho mtakipunguza wenyewe huko."

Siku ya kwanza lori la wafanyakazi lilituvusha Makupa kutoka kisiwani hadi uwanja wa ndege. Msifikirie uwanja huu mnaoujua leo. Ulikuwa na kibanda, nyasi, na njia moja ya kurukia, na majeti yalikuwa hayajulikani huko. Ndege yetu ilikuwa ya injini nne za pangaboi, ya abiria, viti viwili kila upande, arubaini na vinane jumla. Nilipanda ngazi nikaona zulia la buluu limetandikwa toka mlangoni hadi nyuma, safi kuliko lolote la nyumbani kwetu, nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa Kibokoni angelifanya. Nikavua viatu.

Makuli waliokuwa ndani walivunjika mbavu. Mmoja hakucheka. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mpana wa kifua, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani. Aliniangalia, akainama, akavua vyake, akaviweka kando ya vyangu.

"Zulia zuri hili," akawaambia wenziwe. "Mwalikanyaga vipi na matope yenu?"

Kucheka kukakoma. Tangu siku hiyo mpaka zulia lile lilipong'olewa, hakuna aliyefanya kazi ndani ya ndege ile na viatu, na mafundi wageni kutoka Nairobi walidhani ni sheria ya kampuni.

Huyo ndiye Mzee Mwagandi, mnyapara wa upakiaji, Mdigo wa Likoni. Kila alfajiri alivuka maji kwa Feri, na kila jioni alirudi kwake kwa Feri. Mimi nilikuwa wa viti na mapazia, si wa mizigo, lakini nilimfuata kila nilipopata nafasi, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyejibu maswali bila kukunja uso. Alikuwa akiweka kiganja juu ya sanduku, akalisukuma kidogo, kisha akataja uzito wake, na mizani ikija ilikuwa inamthibitisha tu.

"Uzito si adui, mwanangu," aliniambia. "Adui ni uzito unaotembea. Ndege ikiinua pua, mzigo ukarudi nyuma, rubani hana lake tena."

Nilimwelewa mara moja. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba inayopigana na sufi inayotembea.

Alikuwa na jambo moja la ajabu. Alipakia ndege miaka na miaka lakini hakuwahi kuruka hata mara moja, na wala hakuwahi kukaa kwenye kiti chochote cha ndege ile, hata kupumzika. Chakula chake alikila amechutama kwenye njia katikati ya viti. Marubani walimpenda na walimwalika mara kadhaa waende naye Nairobi na kurudi. Alikataa kwa adabu.

"Kiti ni cha msafiri," alikuwa akisema. "Mimi n'na safari gani? Safari yangu ni Likoni."

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa mizuri, na sioni haya kusema naikumbuka kwa uchungu. Nilivijua viti vyote arubaini na vinane. Kiti cha tatu kushoto kilikuwa na alama ya sigara niliyoifunika na ua la uzi. Cha mwisho kabisa kulia kilitapikiwa kila wiki, sijui kwa nini, mpaka nikakishonea kifuniko cha plastiki na kukiombea dua. Uhuru ukaja, abiria wakabadilika. Waliokuwa wakiingia na kofia za jua wakapungua, wakaingia wenye suti mpya na kina mama wa kwetu waliobeba mabuibui mapya kwenye mifuko ya Biashara Street. Mimi nikashona mapazia mapya. Nilijiona nimefika.

Halafu yakaja majeti. Hayakuja Mombasa, yalikuja Nairobi, lakini yalitosha. Mtu akishapanda jeti mara moja, ukimpandisha chombo cha pangaboi kinachotetemeka kama cherehani anaona umemtukana. Viti vikaanza kubaki vitupu. Ndege haikuwa mbovu, ilikuwa imepitwa tu. Asubuhi moja Gurdial alituita chini ya bawa akatuambia ndege inapelekwa Nairobi kukatwa mlango mkubwa, kuwekwa sakafu ngumu na kuzibwa madirisha, na ikirudi itakuwa ya mizigo.

"Viti vyote vitoke wiki hii," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha amri.

Nilivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, na nilipomaliza nilikaa kwenye zulia nikalia. Nilikuwa na umri wa kuoa, nalia juu ya viti. Mzee Mwagandi alipita, akaniona, akapita tena na ndoo kama asiyeona.

Kampuni iliwaachia wafanyakazi viti hivyo, na Mji wa Kale ukajaa viti vya ndege. Kinyozi wa Kibokoni alipata vinne, na wateja wake wakawa wanafungwa mkanda kabla ya kunyolewa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alichukua viwili akahifadhi chaki kwenye visahani vya majivu ya sigara. Mimi nilichukua jozi moja ya dirishani, viti viwili vilivyoungana, nikaiweka barazani kwetu. Mamangu alikikalia kimoja mara moja, akakilaza nyuma kwa bahati mbaya, akapiga kelele, akarudi kwenye mkeka wake. Mzee Mwagandi alipokuja kututembelea alikaa mkekani pia. Nilimbembeleza akikalie, akatikisa kichwa.

"Sijasafiri," akasema, akachukua kahawa yake.

Ndege iliporudi sikuitambua. Mlango wa ubavuni ulikuwa mpana wa kuingiza gari. Madirisha yamezibwa kwa bati, ndani giza, sakafu ya chuma yenye pete za kufungia kamba. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kushona, na niliona wazi siku zangu zimekwisha.

Kilichoniokoa ni samaki. Kampuni ilipata mzigo wa samaki na kamba wa baharini kutoka gati la wavuvi la Liwatoni kwenda Nairobi, masanduku ya mbao yaliyojaa barafu. Barafu huyeyuka, ikachanganyika na maji ya samaki, ikawa chumvi, na chumvi na bati la ndege ni maadui wa damu. Haitoi kutu nyekundu mnayoiona kwenye mageti. Inatoa unga mweupe kama wa muhogo, na ukiuona unga huo chuma kishaliwa. Gurdial alitaka tandiko la turubai la kufunika sakafu yote, na akafikiria kuliagiza ng'ambo.

"Kuagiza kwa nini?" Mzee Mwagandi akamwambia. "Tunaye mshonaji. Mpe huyu. Mimi nitalikagua, nitie sahihi."

Basi nikapewa. Turubai nzito nilinunua Biashara Street, na kwa kuwa karakana haikuwa na nafasi ya kulinyoosha, nililishonea kichochoroni Kibokoni, kutoka mlangoni kwetu hadi nyumba ya sita. Watu walipita kwa kuruka ukingoni. Kila mmoja aliuliza ni nini, na kila mmoja nilimjibu kwa sauti kubwa, "Tandiko la ndege."

Sasa sikizeni kosa, kwa sababu ndilo lililonileta kwenu. Chini ya turubai niliweka blanketi zito, ili masanduku yasikwaruze chuma. Nikajiuliza, vitu hivi viwili havitatembea? Ndege ikiinua pua, blanketi halitajikunja nyuma? Mzee Mwagandi amenifundisha kuogopa kitu kinachotembea. Nikachukua shazia, uzi wa katani na nta, nikalifunga turubai na blanketi vifundo toka juu hadi chini, kila shibiri mbili, safu baada ya safu. Nilishona godoro. Fundi yeyote wa mahema angeniambia kwamba kitu cha kuzuia maji hakitobolewi katikati, lakini mimi sikuwa fundi wa mahema, na Ami alikuwa kitandani na homa wiki ile. Nilipomaliza lilikuwa limenyooka, limetulia, lapendeza. Nikalitia mishono yangu minne myekundu kwenye pembe.

Mzee Mwagandi alilisifu. Kisha akasema, "Kila safari ya samaki tuliinue, tuoshe chini kwa maji matamu."

"Halina haja kuinuliwa, Mzee," nikamwambia. "Nimetia nta kila kifundo. Tone halipiti. Panguseni juu tu kwa kitambaa."

Lilikuwa zito, limeungana, kuliinua kulitaka watu wanane. Aliniangalia kidogo, akaniamini. Alitia sahihi karatasi ya ukaguzi.

Tulipakia samaki msimu mzima. Asubuhi lori lilikuja kutoka Liwatoni likitiririka maji, makuli wakapanga masanduku, Mzee Mwagandi akakagua kamba kwa kidole, na jua likianza kuuma ndege ilikuwa imekwisha ruka. Ilirudi na mboga na maziwa. Nilipewa kazi ya kushona nyavu za kufungia mizigo, na nilitembea Kibokoni kifua mbele.

Msimu ulipokwisha, kulabu ya sanduku ilichana tandiko upande wa nyuma. Mzee Mwagandi alitia mkono kwenye tundu na mkono ukatoka umelowa. Akamwita Gurdial. Gurdial akatia bisibisi chini ya blanketi, akaitoa ina unga mweupe kwenye ncha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na wavu mkononi.

"Kesho asubuhi linainuliwa lote," Gurdial akasema. "Mihimili ya sakafu ikiwa imeliwa, ndege hii haitoki tena. Nitaandika ripoti, na ripoti inataka jina la mtu. Aliyehusika hatabaki hapa."

Karatasini palikuwa na jina moja tu, la aliyetia sahihi. La mshonaji halikuandikwa popote. Nililijua hilo pale pale, na nawaambia ukweli, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa afueni. Mzee Mwagandi hakunitazama hata mara moja. Nilipanda lori la kurudi mjini sikusema neno.

Nyumbani nilimkuta Ami anapasua sufi barazani. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha ndege. Alinitazama usoni.

"Limerudi?" akaniuliza.

"Limerudi, Ami."

"Basi nenda kalifungue," akasema, akaendelea na sufi yake.

Asubuhi nilikwenda na shazia mfukoni. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nitawaonyesha mishono minne myekundu, niseme hii ni alama yangu, kazi ni yangu. Nilipoingia ndani nilikwenda moja kwa moja kwenye pembe ile. Haikuwapo. Ilikuwa imekatwa mraba, kwa kisu kikali, safi kabisa. Niligeuka nikamwona Mzee Mwagandi amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, anaangalia nje kana kwamba anangoja mvua.

Gurdial alipanda. "Nani alishona hili?"

"Mimi," nikasema.

"Si yeye," Mzee Mwagandi akasema papo hapo. "Yeye alifuata amri. Mimi ndiye niliyesema lifungwe vifundo."

"Mzee, hukusema!"

"Nilisema. Umesahau."

"Hakusema, Bwana Gurdial. Yeye alitaka liinuliwe kila safari, mimi ndiye niliyemkataza."

"Na mtoto wa juzi atamkataza mnyapara?" Mzee Mwagandi akanigeukia kwa hasira, na ndiyo mara ya pekee nilimsikia akinipigia kelele. "Nyamaza, wewe! Mambo ya watu wazima haya!"

Gurdial alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Miaka yangu yote watu wanakimbia makosa," akasema. "Nyinyi mnagombea."

Nikatoa shazia mfukoni. Nikamwambia kwetu kazi ikirudi hufunguliwa na aliyeishona, mbele ya mwenye mali, na hakuna ruhusa mwingine kuigusa. Nikapiga magoti nikaanza kukifungua kifundo cha kwanza. Vifundo vya nyumba yetu vina mzunguko wa kushoto, na asiyevijua huvikata tu kwa kisu, hawezi kuvifungua. Nilifungua kimoja, viwili, kumi. Gurdial alichutama karibu nami. Alijaribu mwenyewe kimoja kikamshinda. Akamwita Mzee Mwagandi.

"Fungua hiki," akamwambia.

Mzee Mwagandi alikishika kile kifundo na vile vidole vyake vinene, akahangaika nacho, akahangaika, jasho likamtoka. Hakuweza. Gurdial akamuuliza aliamuruje kifundo asichokijua. Mzee akakiachia, akavuta kofia usoni.

Ilinichukua mpaka adhuhuri kulifungua lote. Tulipoliinua, chini kulikuwa na unga mweupe kila shibiri mbili, nukta kwa nukta, kazi yangu imechorwa sakafuni. Mihimili sita ilikuwa imeliwa, lakini haikuwa imekwisha. Gurdial aliigongagonga yote kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Kisha akaniambia nitaitoa mwenyewe na kuweka mingine mwenyewe, atanifundisha, na nikikosea mara ya pili hatanifukuza, atanifunga mikanda nipande na samaki. Kwenye ripoti aliandika kwamba mshonaji amekiri. Jina la Mzee Mwagandi hakuliandika.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza bati. Wiki saba niliishi chini ya sakafu ile na msumeno, tupa na ribiti za kuungia bati, masikio yakivuma hata nikiswali. Gurdial alikuwa mwalimu mkali. Ribiti iliyokaa upande aliitoboa bila kusema neno, akanipa nyingine. Nilipomaliza, nilishona tandiko la pili, kipande kizima kisicho na tundu katikati, kingo zimeinuliwa kama sinia, la kuinuliwa na watu wawili. Liliinuliwa kila safari. Nilisimama hapo kuhakikisha, na makuli walinichukia.

Ndege ile ilibeba samaki, mboga, vipuri vya mashine, na mara moja punda wawili wa harusi, sitaki kuyakumbuka. Injini ndizo zilizochoka mwishowe. Ilikatwa vipande pale pale uwanjani, na waliokuwa wakikata walilalamika kwamba mihimili sita ya katikati inawavunjia misumeno. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikacheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Lakini nimerukia mwisho wa ndege, na kipande cha turubai bado sijakifikia.

Miezi saba baada ya siku ile ya vifundo, Mzee Mwagandi alistaafu. Sikuwa nimemuuliza neno juu ya pembe iliyokatwa, naye hakulitaja. Siku yake ya mwisho niliomba ruhusa mapema, nikaenda nyumbani, nikamkodi hamali, tukaipakia ile jozi ya viti vya dirishani juu ya mkokoteni. Mtaa mzima walituangalia tukipita nayo mchana kweupe, wakadhani nimepata aibu nyingine. Tukaisukuma mpaka Feri.

Nilimkuta kwenye foleni na mfuko wake wa chakula. Aliiona ile jozi, akaanza kutikisa kichwa kabla sijafika.

"Asalaam aleikum, Mzee. Hii ni yako."

"Waaleikum salaam. Mwanangu, nilikwambia. Kiti ni cha msafiri."

"Na wewe sasa waenda wapi?"

Akatazama maji, akatazama Likoni ng'ambo, akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi, akanipa. Nilikifungua. Mishono minne myekundu.

"Kwa nini ulikata, Mzee?" nikamuuliza. "Wangekufukuza."

"Wangenifukuza," akasema. "Mimi nilikuwa nimebakiza miezi saba, mwanangu. Wewe ulikuwa umebakiza miaka thelathini."

Hiyo miaka thelathini nimeimaliza Ijumaa.

Hamali aliingiza mkokoteni ferini, wakaishusha ile jozi katikati ya watu, ikatazama mbele. Mzee Mwagandi alivua viatu, akaviweka chini ya kiti, akakaa upande wa dirishani. Bibi mmoja mwenye kapu la maembe aliuliza kama kile cha pili kina mtu, kisha hakungoja jibu. Feri ikapiga honi, ikaachana na gati. Nilisimama pale na kipande changu, nikapunga mkono, nikapunga tena. Hakunipungia. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, akimwonyesha yule bibi mkanda unavyofungwa.